Mafuta Yenye Masikio

Mafuta ya nyonyo yana masikio. Hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu hadi kumi, na nililiamini kuliko nilivyoamini kwamba kesho kutakucha. Kwetu, kwenye miinuko ya juu ya mji wa Mbeya, miaka ile ya hamsini, kila mtoto aliweza kukusimulia habari za mwanamke wa Ubaruku aliyecheka mafuta yakiwa jikoni. Mafuta yalimsikia, yakaona yanadharauliwa, yakageuka maji. Ukoo mzima ukapata vipara: bibi, wajomba, shemeji waliokuja kusalimia tu, hadi mbuzi wao wa maziwa. Mimi nilikuwa tayari kuapa mbele ya mchungaji kwamba yule mbuzi nilimwona kwa macho yangu, ingawa Ubaruku kwenyewe sikuwa nimefika. Kwa hiyo mama alipobandika chungu cha mafuta na kusema, "Sasa kimya," sisi tulinyamaza hadi kope.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na sababu ya kunyamaza zaidi. Dada yangu Salome alikuwa ametoka hospitali, ambako homa ya matumbo ilimlaza wiki nyingi. Alirudi mzima, akala, akaanza hata kutugombeza, tukajua amepona. Kisha nywele zikaanza kumtoka. Zilibaki kwenye mkeka, kwenye kanga, kwenye kitana, mpaka siku moja alipoinama kuosha uso nikaona kichwa kinang'aa kama yai. Na Salome alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja wa Nyololo. Habari za kichwa chake zilisafiri kwenda huko na kunenepa njiani. Zilipofika, binti alikuwa na ugonjwa usio na jina, na nyumba yake haitapata mtoto. Ukaja ujumbe kwamba baada ya mavuno ya mahindi shangazi wa mwalimu atakuja kutusalimia. Hakuna aliyesema anakuja kuangalia nini. Sote tulijua atamfungua Salome kitambaa, na asipokiona anachotaka, atarudi na uchumba wake Nyololo. Dada akaacha kuimba. Kitambaa akawa analala nacho, amekifunga mafundo mawili.

Mama hakulia wala hakumwuliza mtu. Alichukua kapu, akatupeleka kuchuma nyonyo za mafuta ya kuotesha nywele, kwenye mipaka ya mashamba na nyuma ya mazizi. Tulizianika juani, maganda yakawa yanapasuka paa! paa! na mbegu zinaruka hadi kwa majirani. Moja, nasema kweli, niliikuta sikioni mwa mbwa. Mama alizikaanga mpaka nyumba nzima ikanuka kama karanga zilizofanya dhambi. Akazitwanga kinuni zikawa uji mweusi, akazichemsha na maji mengi, na mafuta yalipopanda juu akayaengua taratibu kwa upawa na kuyatia kwenye chungu kidogo. Chungu hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinarudi motoni mara ya pili. Na mara ya pili ndiyo ilikuwa ya kimya.

Bado namwona. Amechuchumaa karibu na mafiga, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikia anasengenywa chumba cha pili. Salome amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mikono juu ya kitambaa. Mimi nachochea moto kijiti kimoja kimoja, nikikiweka kama ninayelaza mtoto. Chungu kinatatarika. Hapo ndipo niliposikia nyayo uani. Alikuwa Mama Tito, jirani yetu, mwanamke mwema sana, lakini sauti yake ilikuwa ikitoka kwetu asubuhi, inafika Iringa, na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilimwona kupitia mlangoni anavuta pumzi ya kupiga hodi. Sikufikiri. Nilitoka mbio, nikaruka, nikamziba mdomo kwa kiganja changu chenye masizi.

Mtoto kumziba mtu mzima mdomo! Mama Tito alinibandua kama kupe. "Yesu wangu! Mama Salome, njoo umwone mwanao, ananitoa roho!" Mama akainuka, akaja mlangoni akiomba radhi kwa mikono miwili. "Msamehe, mama, sijui kaingiwa na nini leo." Mama Tito anapangusa masizi mdomoni, anauliza mtoto huyu amekula nini, mama anaomba radhi tena. Kisha pua ya mama ikacheza. Aligeuka, akakimbilia chungu. Moshi ulikuwa umeshajaa jikoni na mafuta yamekuwa meusi, yananuka kama nywele zilizounguzwa.

Mama alisema neno moja tu: "Basi." Heri angenichapa. Salome alinitazama, hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulisema kitu?"

"Sikusema, dada. Nilimzuia yeye."

"Basi yamesikia," alisema, akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado utosini.

Zilikuwa zimebaki mbegu za bakuli moja, na nyonyo nyingine zote mlimani zilikuwa mbichi. Kesho yake mama alianza upya: kukaanga, kutwanga, kuengua. Safari hii nilijaza maji mdomoni, nikafunga midomo, nikakaa nayo. Nilikaa nayo siku mbili, au ndivyo mashavu yangu yanavyokumbuka. Chungu kilitatarika, kilitatarika, kilitatarika. Ghafla mama akakinyakua motoni kwa majani ya mgomba, haraka kama anayemwokoa mtoto, na ndani yake mafuta yalikuwa manjano, safi, nikaona uso wangu wenye mashavu ya chura. Yalijaza kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi.

Kila asubuhi Salome alipakwa, na kila asubuhi sisi wadogo tulipanga foleni kumkagua. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu nilihesabu nywele nane na kupiga kelele, mama akaniambia nisizitishe. Mahindi yakavunwa. Shangazi akashuka kwenye basi, mrefu, mkavu, akatusalimu "Kamwene" mlangoni, akanywa chai, akaeleza habari za barabara kana kwamba ndiyo iliyomleta. Kisha akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hebu sogea." Aliyafungua yale mafundo mawili mwenyewe. Ndani ya kitambaa kulikuwa na nywele fupi, nyeusi, laini kama ulezi uliochipua jana. Akazipapasa mbele na nyuma, akanusa kiganja chake. "Mafuta haya hayakuungua," akamwambia mama, kama fundi anayemwambia fundi. Akamfunga Salome kitambaa tena, fundo moja. "Na mwalimu wetu kule anakonda bure."

Siku hizi wajukuu zangu hununua mafuta ya chupa yenye picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Wanapaka redio inapiga kelele, wanacheka, wanaongea na simu, na nywele zinaota. Hakuna anayenyamaza, hakuna anayeogopa. Nawaonea wivu, na nawahurumia kidogo. Mimi imani yangu ilinifuata hadi utu uzima, nikiwa na ndevu, katika darasa la jioni. Mwalimu alituuliza tabia za vimiminika, nikasimama na kueleza kwamba mafuta husikia. Darasa lilicheka mpaka bati likalegea misumari. Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa mama kumtaka ushahidi. Alikuwa anapukuchua maharage, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kumwacha, ikabidi nimuulize mara tatu.

"Mafuta hayana masikio," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza. Maji yakiwa bado yamo, chungu kinatatarika. Yakiisha kinanyamaza, na hapohapo unaepua. Siku ile nilikuwa mlangoni na Mama Tito, sikukisikia kikinyamaza."