Fimbo ya Mzee Nazarali

Bwana Taher Nazarali hajawahi kupiga mpira wa gofu hata mmoja, na Lindi nzima inalijua hilo. Ila ukiingia kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, juu ya makopo ya rangi utaona fimbo kumi na moja za gofu, zote ziliwahi kushikwa na wachezaji wa kulipwa wenye majina yao. Watu humwita Bwana Fimbo. Mimi, Ziada, nimeuza misumari dukani kwake miaka kumi na minane, na nasema wazi kwamba mji huu hauna anayezijua fimbo zile kuliko sisi wawili.

Kumi zina barua za kuthibitisha zilikotoka. Aliziagiza moja moja, nyingine Nairobi, nyingine Uingereza, na kila ikifika huniita nitazame palipolika. Kwake hapo ndipo penye uzuri, maana ndipo mkono wa bingwa ulipofanya kazi.

Ya kumi na moja haina barua. Ni ya chuma, namba saba, na ilikuwa imeota kutu uso mzima. Baba yake, Mzee Nazarali, alisimulia mpaka anaingia kaburini kwamba alipewa na Mulenga Kasote, bingwa wa Zambia, ambaye gari lilimharibikia Nangurukuru enzi za barabara ya matope, akakaa kwa mzee, aliyekuwa akiishi huko wakati huo, siku tatu akila na kulala bure. Mji ukacheka. Bingwa gani akwame Nangurukuru? Mzee alikufa akiitwa mwongo, na jambo hilo lilimkaa Taher kooni.

Mwaka jana akajitokeza Bi Samia wa Dar es Salaam, anayekusanya vitu vya wachezaji wa zamani kwa ajili ya maonyesho. Aliandika kwamba anakuja kuikagua ile ya Kasote. Ikiwa ya kweli, itawekwa kwenye kabati la kioo pamoja na jina la Mzee Nazarali.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mgeni anakuja, nami nimelelewa Kilwa. Kwetu mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Bwana Taher alipokwenda kuswali Ijumaa, nikaishusha ile fimbo, nikachukua ndimu na majivu tunavyosugulia masinia ya shaba kila Idi, nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Nikajisifu.

Aliporudi aliitazama, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Ziada," alisema, "baba yangu hakuwa na shahidi mwingine ila hii."

Niliumia sana. Lakini mimi si mtu wa kujificha. Kesho yake asubuhi Bi Samia alipofika na kutuamkia, Taher alikuwa ameshaificha fimbo nyuma ya mabati, anajiandaa kumwambia kwamba haipo. Nikaitoa mwenyewe, nikaeleza kwamba niliisugua mimi, kwa ndimu na majivu, na kama kuna lawama ni yangu.

Bi Samia akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba usoni mwa chuma. Upande wa karibu na mpini mistari iliyochongwa kwenye chuma ilikuwa imelika na pamebonyea kidogo, upana wa sarafu. Akafungua kwenye simu picha za fimbo nyingine za Kasote zilizohifadhiwa kwao Zambia. Zote zimelika hapo hapo. Wachezaji wengine walipigia katikati, Bi Samia alitueleza. Kasote alipigia pembeni, na makocha walimshindwa.

Taher akauliza kwa sauti ndogo kama si majivu yaliyopala pale.

"Majivu hayachimbi chuma, mzee wangu," Bi Samia alisema. "Hii ni mipira ya miaka mingi. Na kutu isingetoka, nisingepaona."

Kisha akanigeukia, akaniomba zile kumi nisiziguse.

Akaandika karatasi ya kabati, akatusomea: fimbo ya Mulenga Kasote, aliyomzawadia mwenyeji wake, Nazarali, Nangurukuru. Taher akamwomba arudie. Akarudia. Akaomba tena, safari hii akamtoa mpaka barazani, walipokuwa wanakunywa kahawa wazee wale wale waliomcheka baba yake, na kumwomba asome kwa sauti kubwa.