Maji Niliyoyamwaga Msituni

Mwezi uliopita walikuja kutengeneza bomba mtaani kwetu Quakers Hill, huku ughaibuni, wakatuachia karatasi mlangoni kwamba maji yatakatika asubuhi hadi jioni. Nikateka maji kwenye dumu la plastiki, nikaliweka jikoni. Mchana nikajimiminia kikombe, na kabla sijameza nikasita. Mnaijua harufu ya maji yaliyolala ndani ya plastiki? Ina mpira kidogo, ina jua kidogo, kama vile mtu kaloweka humo viatu vipya. Mwenye akili zake angeyamwaga akachemsha mengine. Mimi niliketi sakafuni na kikombe changu, nikawa na miaka kumi, niko msituni, na wivu umenijaa hadi kooni.

Kwanza niwaambie ukweli: mimi si mtu wa misitu. Safari yangu ndefu ya wiki ni kusukuma pipa la taka hadi barabarani, na hiyo nayo naifanya nikiwa na kandambili na manung'uniko. Kwa hiyo mkisikia kwamba niliwahi kulala porini siku tatu, bila choo wala bomba, msidhani nilikwenda kwa hiari yangu. Nilipelekwa.

Aliyetupeleka ni baba. Wakati huo tulikaa mtaa wa Mount Druitt, mji huu huu, naye alikuwa akifua mashuka ya hospitali huko Westmead. Mwenzake mmoja wa kazini, mtu wa visiwa vya Tonga mwenye kifua kama kabati, alimwambia kwamba ng'ambo ya milima kuna misitu ya serikali ambako mtu yeyote hulala bure. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna kuandikisha jina. Unafika, unachagua mti wako, unalala. Baba hakuamini. Katika nchi ambayo hata kuegesha gari mbele ya duka kuna bango lenye masharti mistari minne, iweje msitu mzima utolewe hivi hivi? Wiki mbili nzima alirudi na swali hilo kila jioni. Mwishowe akaamua kwenda, ila kwa tahadhari: alibeba bahasha yenye pasipoti zetu, vyeti vya kuzaliwa, mkataba wa nyumba na kadi yangu ya chanjo, ili mlinzi wa msitu akitokea atukute tumekamilika. Mama, aliyekuwa na zamu siku zote za Pasaka kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, alisimama akitutazama tunavyofunga godoro juu ya gari. Akasema watu wa huku wakienda porini hubeba begi, sisi tunahama.

Garini tulikuwa watatu: baba, mimi, na Mwantumu.

Mwantumu ni mtoto wa shangazi yangu wa Tanga. Shangazi alipofariki, Mwantumu alikaa kwa ndugu huyu, kisha kwa ndugu yule, hadi karatasi za baba zilipokubaliwa akaletwa kwetu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Sisi ni mabinamu, kwa hiyo ni watani wa halali, na ningeweza kumsema kutwa nzima bila yeye kununa. Tatizo ni kwamba alikuwa amepewa jina la bibi, mama yake baba, na mnajua mambo yanavyokuwa mtoto akibeba jina la bibi. Baba hakumwita Mwantumu hata siku moja. Alimwita mama. Asubuhi akitoka chumbani, baba alimwinamia kwa utani na heshima zote: "Shikamoo, mama." Naye, na nywele zake hazijachanwa, alijibu bila kucheka: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Mimi naitwa Leanne. Ni jina la mkunga aliyenizalisha; mama alimpenda kwa sababu alimletea chai bila kuombwa. Hiyo ndiyo historia yote ya jina langu. Baba angenipa shikamoo ya nani, ya mkunga?

Halafu kulikuwa na suala la kuongea. Mimi Kiswahili nilikisikia chote, lakini nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaani kwetu. Baba alinisemesha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akawasha televisheni. Na Mwantumu hakuwashiwa televisheni.

Tulifika mchana. Lami iliisha, ikaja kokoto, likaja vumbi, kisha uwazi mdogo wenye misonobari upande huu na mikaratusi upande ule. Chini kulikuwa laini kwa majani makavu kama sindano. Kimya kilikuwa kingi hata nikasikia injini ya gari letu ikipoa, ti, ti, ti. Baba alizunguka akitafuta bango la kutukataza, akalikosa, akaonekana kama aliyevunjika moyo kidogo. Mbali kidogo kulikuwa na mzee mmoja na mkewe na nyumba yao ya kukokotwa na gari, wameketi wametupa mgongo, kama watu waliokuja huko kuwakimbia watu.

Na hapo Mwantumu akatawala. Aliokota mawe matatu, akayagonga kwa kiganja kama anayechagua nazi, akayapanga, akawasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Mimi nilipotumwa kuni nilileta tawi bichi lenye sisimizi, na sisimizi wakanitambaa mkononi nikalitupa juu ya godoro. Baba alicheka. Lakini hakuwa akinicheka mimi, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa akicheka na Mwantumu, habari za bibi na mbuzi wa jirani, na mwanamume mmoja wa mtaani kwao aliyeogopa kuku. Baba yule ambaye nyumbani alisinzia na viatu miguuni, sasa alikuwa amechuchumaa motoni, suruali imekunjwa, anaigiza sauti za watu nisiowajua. Nilikuwa sijawahi kumwona akichuchumaa. Nilidhani magoti yake hayakunjiki.

Jioni hiyo tukagawiwa kazi. Msituni hapakuwa na maji. Tulikuja na dumu moja kubwa lenye koki, na bomba la karibu lilikuwa kwenye kituo cha mafuta, dakika arobaini nyuma. Baba alimkabidhi Mwantumu dumu lile kama anayekabidhi funguo za mji. "Mama, wewe ndiye mwenye maji." Mimi nilipewa sepeto ndogo, niwe mchimbaji wa vishimo vya haja, na mfukiaji pia. Nilipouliza kwa nini mimi, baba akasema nina mikono yenye nguvu. Mtoto wa miaka kumi anajua anapoongopewa.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, walisema wanakwenda kutafuta kuni. Nikasema tumbo linaniuma. Nilitegemea nitabembelezwa. Baba aliniambia nilale kidogo, wakaondoka, na baada ya dakika chache nikasikia vicheko vyao kati ya miti.

Niliamka nikaenda kwenye dumu. Sikulipindua, kwa sababu kupindua ni dhambi inayoonekana. Nilifungua koki kidogo tu, kama vile mtu kasahau kuikaza, nikachutama nikiangalia. Ardhi ile ilikuwa na kiu. Ilikunywa bila sauti, ikageuka nyeusi, kisha tope, na tope likanifika vidoleni na mimi nimekazia macho uzi ule wa maji. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka baba amwite Mwantumu. Kwa jina lake, kwa sauti kavu, kama nilivyoitwa mimi Leanne kila nilipokosea.

Walirudi na kuni kichwani, wote wawili. Baba alishika dumu ateke maji ya chai, akalinyanyua kwa nguvu ya dumu lililojaa, nalo likapaa jepesi nusura limwangushe chali. Akatazama koki. Mwantumu akatazama koki, kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimejifuta kwa nyasi, lakini si vizuri.

"Mjomba, ni mimi," akasema. "Sikuikaza."

Nilisubiri. Baba alivuta pumzi ndefu, akamweka mkono kichwani. "Basi, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

Yakaisha hapo. Mpango wangu wote, na tope lote lile, na matokeo yake mwenzangu akapapaswa kichwa.

Ikabidi tukaombe maji kwa wale majirani. Lakini baba hakuweza kuomba maji mikono mitupu, na mtu asiyepeleka hata salamu jana atapelekaje shida leo? Akapakua pilau iliyobaki ya mchana, sahani imejaa hadi ukingoni, akaifunika, akatutuma wote wawili: Mwantumu abebe sahani, mimi nibebe dumu na Kiingereza. Yule mama wa kizungu alifunua pilau, akaitazama muda mrefu, akaniuliza tunaiuza kiasi gani. Nikamwambia hatuuzi, ni salamu za baba. Akamtazama mumewe. Wakatujazia dumu nusu, wakasimama wakituangalia tunaondoka, nadhani wakihesabu kama kuna wengine wetu nyuma ya miti.

Njiani dumu lilikuwa zito, tukalishika kila mtu upande wake. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini kasema ni yeye. Mwantumu hakugeuka.

"Miguu yako ina tope," alisema. "Nyumba ya kwanza niligombana na mtoto wa mwenye nyumba, nikahamishwa. Nyumba ya pili hata sikugombana, yule mtoto alilia tu. Mimi na wewe hatujagombana. Umesikia, Leanne? Mjomba akiuliza, mwambie hatujagombana. Asije akanirudisha."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia, nikamkumbatia. Sikufanya hivyo. Nilichowaza, naapa, ni kwamba huyu kanichukulia baba, na sasa kanichukulia hata kosa langu, na kosa lenyewe nililitengeneza kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeteseka na tope lile. Halafu sifa apewe yeye?

Kwa hiyo nilikiri. Kuna watu hukiri kwa toba. Mimi nilikiri kwa wivu. Tulipofika tu nilimwambia baba, kwa Kiingereza changu cha haraka, kwamba aliyefungua koki ni mimi, tena makusudi, na Mwantumu hakufanya chochote, anajifanya mwema tu. Na nikaongeza, kama mshitaki anayemalizia shauri: tena anasema wewe utamrudisha.

Baba alikuwa akipuliza moto. Aliacha kupuliza.

"Mwantumu," akaita.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Kalitaja jina. Lakini halikutoka kwa sauti kavu. Lilitoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, kama mtu anayeita gizani, ilhali jua lilikuwa lingali kwenye miti. Akamketisha kwenye godoro, akachuchumaa mbele yake.

"Nikurudishe wapi? Hapa ni kwako. Ukivunja sahani zote, ni kwako. Ukipigana na huyu hadi mkang'oana meno, ni kwako. Umenielewa?"

Mwantumu akasema ameelewa. Kisha akalia, kilio cha kifua, hadi wale wazee wakageuza viti vyao kututazama. Mimi nilisimama na koki yangu na tope langu. Hukumu yangu ilikuja baadaye, nayo haikuwa ngeni: sepeto, hadi siku ya kuondoka.

Tangu tuliporudi, baba alianza jambo moja. Kila jioni akitoka kazini, kabla hajavua viatu, alimwambia Mwantumu: "Mama, hapa ni kwako." Kila jioni, kama mtu anayemeza dawa. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Kufikia hapo mimi na Mwantumu tulikuwa tumelala chumba kimoja hadi Kiswahili chake kikaniambukiza kama mafua, na hiki mnachokisoma ndicho hicho. Nilimpenda. Lakini maneno yale niliyaonea wivu kila yalipotamkwa. Mimi sikuambiwa hata mara moja, hata kwa bahati mbaya.

Nilipotimiza miaka kumi na mitano nikakaa mlangoni, nikamngoja baba amalize kumwambia, nikauliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Na mimi je?"

Alinitazama kama niliyemuuliza iwapo ana kichwa. "Wewe?" akasema, akaanza kucheka. "Wewe uende wapi?"

Nikaenda chumbani nikabamiza mlango.

Mwantumu sasa ni muuguzi na ana watoto watatu, na kila Pasaka anawapeleka kulala kwenye misitu ile. Hunialika, nami huugua. Mwaka jana, tukimenya viazi jikoni kwangu, aliniambia kwamba miaka yake miwili ya kwanza kwetu hakuwahi kufungua begi lake lote. Nguo zake nzuri zilikaa zimekunjwa humo, chini ya kitanda, tayari. Alisema hivyo huku akimenya, kama anayetaja hali ya hewa.

Nalikumbuka begi lile. Nililipiga teke asubuhi nyingi nikitafuta viatu vyangu, nikilalamika kwamba binamu yangu hana mpangilio. Viatu vyangu mimi vilikuwa vimetupwa kila pembe ya nyumba ile, sare yangu sakafuni, vitabu vyangu bafuni, wala haikunipitia kichwani kwamba kuna mtu anayelala na vitu vyake vyote mahali pamoja.

Wivu haujaisha, msije mkadhani nimekuwa mtu mzuri. Baba bado humwamkia shikamoo simuni, na mimi bado huondoka chumbani. Lakini hesabu yangu ya jioni zile nimeiacha. Mwantumu aliambiwa kila siku kwa sababu hakuweza kuamini. Mimi niliambiwa mara moja, nikajibu kwa kubamiza mlango, na asubuhi nikakuta chai yangu mezani, imefunikwa isipoe.