Mrashi Mwekundu wa Mkwaja

Baba yangu alikuwa na duka la vyombo mjini Tanga, nami, binti yake mkubwa, nilikulia kati ya sahani na bilauri. Miaka ile ya hamsini, kabla sijaolewa, alinifundisha kukijua kioo kwa vidole kwanza, macho baadaye.

Asubuhi moja aliingia mjane kutoka Mkwaja, pamoja na shemeji yake aliyekaa mtaa wa Mabawa, papo hapo mjini. Yule mama alifungua kanga, akatoa mrashi wa kunyunyizia marashi, mwekundu, wenye maua meupe yaliyochongwa. Alisema ameurithi kwa bibi yake. Shemeji akakataa: marehemu kaka yake aliununua mpya dukani baada ya kuoa, kwa hiyo uingie kwenye mirathi. Ndoa yenyewe haikuwa ya miaka mingi. Walikuwa wamekubaliana kwamba baba ndiye atakayeamua.

Baba aliupokea, akauweka mbele yangu.

"Tuambie wewe," akasema.

Nilimwamkia yule mama shikamoo, kisha nikapitisha ukucha juu ya maua. Kingo zilikuwa kali, na sikuona popote ule mshono unaoachwa na kalibu, chombo cha kumiminia kioo cha moto kipate umbo. Basi ulichongwa kwa mkono. Nikausogeza mlangoni penye mwanga, nikawaonyesha kwamba wekundu ni ngozi nyembamba tu juu ya kioo cheupe. Fundi ameikata ngozi, ua likatokea. Kazi ya namna hiyo, nikawaeleza, ilitoka Bohemia, huko Ulaya, ikauzwa pwani hii tangu zama za mababu.

Mwisho nikaugeuza. Kitako kilikuwa kimesagika, kimejaa mikwaruzo midogo. Shemeji akauliza kama mtu hawezi kukisugua kwa mchanga kikaonekana cha kale.

"Anaweza," nikamjibu, "lakini mikwaruzo ingelala upande mmoja. Hii imepishana kila upande. Mwaka wake siujui, ila umewekwa na kuondolewa tangu kabla kaka yako hajazaliwa."

Shemeji alikipapasa kitako kwa muda, akaurudisha kwa mjane.

"Kaka aliniambia ni wake, nikamsadiki. Chukua chako, shemeji."

Mama yule alinishika mkono, kisha akaufunga mrashi tena katika kanga.

Tangu hapo, mtu akileta kioo cha zamani, baba alimwambia amwulize binti yake. Na siku ile, tulipokaa kula, alimsimulia mama yangu habari yote, akaongeza kwamba sikumtazama hata mara moja kuomba msaada.