Matangazo Mawili ya Kifo cha Baba

Wazazi wa mchumba wangu walipotaka kuja kwetu Umoja, hapa Nairobi, kuzungumza mambo ya mahari, walituma swali moja: upande wa baba yangu ataketi nani? Nikamuuliza mama. Alikuwa kwenye cherehani, katika kile chumba cha mabati tulichoongeza nyuma ya nyumba, akishona sare za shule.

"Baba yako alikufa ukiwa unatambaa," alisema. "Ndugu zake sijui walipo."

"Lakini walikuwa na majina, Mama."

"Kulikuwa na tangazo la kifo kwenye gazeti. Katafute huko."

"Gazeti la mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua nyingi." Akakanyaga cherehani, na kelele zake zikamaliza mazungumzo.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, kwa hiyo nilianza kwenda maktaba saa ya chakula. Magazeti ya zamani yalikuwa yamejalidiwa pamoja, mazito, na hayakuruhusiwa kutoka. Mpaka jalada liletwe mezani, nusu ya muda wangu ilikuwa imekwisha. Mara lilikuwa limepelekwa kushonwa upya, mara mwenye ufunguo wa chumba alikuwa amekwenda matangani. Kurasa nyingine zilikuwa zimekatwa kwa wembe na watu waliotaka fumbo la maneno, na nyuma ya fumbo ndipo matangazo ya vifo yalipokuwa. Nilikuwa nikishika ukurasa wenye dirisha katikati, natamani kulia.

Nikawasoma marehemu wa watu wengine. Kila mmoja alikuwa mume wa fulani, baba wa fulani, kaka wa fulani, mpaka shemeji aliyeko ng'ambo, kisha "na wengine wengi." Hata hao wengine wengi niliwaonea wivu.

Baba nilimpata wakati nilipokuwa karibu kukata tamaa. Nilimjua kwa picha, ile ile iliyotundikwa sebuleni kwetu. Tangazo lilimtaja kuwa mume wa mama, baba yangu mimi, mkwe wa babu na nyanya, shemeji wa wajomba zangu wote. Upande wake, hakuna hata mtu mmoja. Ungedhani aliokotwa barabarani. Angezikwa Jumamosi, makaburi ya jiji.

Nikafunua gazeti la siku iliyofuata kwa hasira. Picha ile ile! Safari hii alikuwa mwana wa wazee wawili nisiowajua, kaka wa wanaume watatu na dada mmoja, wote kwa majina. Mke hakuwa naye. Mtoto hakuwa naye. Angezikwa Ijumaa, kwao, vilimani upande wa Machakos.

Nilinakili yote mawili, na kazini sikurudi.

"Nani aliandika hili la kwanza?" nilimuuliza mama.

"Mimi."

"Na ukawaacha ndugu zake nje?"

"Wao walisema hawakupeleka mbuzi wa mahari kwetu, kwa hiyo mimi si mke. Basi na mimi nikaona wao si ndugu."

"Alizikwa wapi, Mama?"

Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Ile Ijumaa nilipeleka suti yake mochari, nikakuta wamemchukua. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa huku. Jumamosi nilienda na mchungaji, tukaomba, wakalifukia hivyo hivyo."

Nilimhurumia, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. "Ulijua haya yote ukanituma maktaba mwezi mzima?"

"Nilidhani utachoka."

Jumapili nilikwenda Machakos peke yangu. Kati ya wale ndugu niliyemkuta ni mmoja, mzee anayechonga vinyago vya kuuzia watalii. Alinitazama usoni kwa muda mrefu bila kuuliza jina.

"Wewe ni wa yule mwanamke wa Nairobi."

"Mimi ni mtoto wa ndugu yako, Baba."

"Hatukuambiwa kuna mtoto."

"Iliandikwa kwenye gazeti."

"Hilo lenu hatukulisoma," alisema, na akayageuza macho.

Alinionyesha kaburi, katikati ya shamba la mbaazi, bila msalaba. Nikamwomba aje Umoja siku ya mahari, aketi tu. Alitikisa kichwa.

"Nikiketi kupokea mbuzi zako, nimekubali mama yako alikuwa mke."

Nikamwomba basi aniambie baba alikuwa mtu wa namna gani. Alicheka vipi, alipenda nini, chochote.

"Alikuwa mkubwa wetu," alisema, akachukua patasi yake.

Nilimweleza mama mahali nilipoliona kaburi. Aliuliza kama limejengewa, nikasema hapana. Nilipomwuliza kama angependa tuende pamoja, alisema sare za watu zinangoja.

Siku ya mahari aliketi mjomba, kaka mkubwa wa mama. Wakwe walipouliza kuhusu upande wa baba, mjomba alijibu, bila hata kusita, kwamba waliobaki ni wazee sana, hawawezi safari. Wageni walitikisa vichwa kwa huruma. Mama akapita na birika la chai, akimmiminia kila mtu, na mimi nilikaa nyuma ya pazia nimeuma meno, nikisikia jinsi uongo ule ulivyopokelewa vizuri.