Mstari wa Kulesa

Hawa Huka akikaa mbele ya kompyuta huwa hasikii akiitwa. Mama yake, Kaltuma, anauza maziwa sokoni Garsen, na akirudi nyumbani hupitia ofisini kwetu. Husimama mlangoni na madumu yake matupu, akamtazama bintiye.

"Unakikodolea hicho kitu kama ng'ombe anayetaka kuzaa," alimwambia siku moja.

"Ndiyo anazaa, mama. Subiri uone."

"Mimi nitasubiri. Chakula chako ndicho kitakachopoa."

Hawa alizaliwa katika kambi ya mifugo, ng'ambo ya Minjila, katika nyumba ya Waorma wafugaji. Alikwenda chuo akasoma takwimu, kisha akarudi, jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya. Kikundi chetu cha kufuatilia maji ya mto Tana ndicho kilichomwajiri. Mimi nilikuwa nimeshakaa pale miaka mingi nikiandika ripoti. Nikiitazama kazi hiyo sasa, naona ilikuwa kuandika habari za mto baada ya mto kumaliza kazi yake: mashamba yaliyozama, watu waliolala juu ya tuta la barabara na kuku wao. Ripoti ya namna hiyo haiwahi kufika mapema.

Vipimo vyenyewe havikukosekana. Kila asubuhi kina cha maji kilipimwa huko juu, upande wa Garissa, na maji yanayopita huko leo hutufikia baada ya siku nne au tano. Nilikuwa nikiyabandika majedwali ukutani. Yalisomwa na mijusi.

Hawa aliyabandua. Aliingiza vipimo vyote, vya sasa na vya miaka ya nyuma, katika kile ambacho watu wa kazi yake hukiita daftari: ukurasa wa kompyuta ambapo unaandika amri, na jibu linatokea chini yake papo hapo. Kisha akaita maktaba. Maktaba hiyo si nyumba ya vitabu. Ni fungu la amri zilizoandikwa na watu wengine, watu ambao hatutawaona kamwe, wakaziacha wazi achukue anayehitaji. Kwa mistari michache tu, tarakimu zangu zilizokufa ukutani ziligeuka kuwa mstari unaopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Na mstari huo ulikuwa unaitika. Ukiugusa, kisanduku kidogo kinafunguka na kukuambia siku na kina cha maji. Ukitanua vidole viwili, mwaka unafunguka kuwa miezi, na miezi kuwa siku. Niliugusa mwaka mmoja ambao siupendi, nikauachia haraka.

Kutoka daftarini aliihamishia chati kwenye ukurasa wa mtandao ili ifunguke katika simu ya mtu yeyote. Mara ya kwanza haikufunguka. Mzee Komora, mwenyekiti wa wakulima wa kijiji cha Kulesa, aliletewa ukurasa, akaona mraba mweupe tu.

"Binti, umeniletea dirisha lisilo na nyumba," alisema.

Ilikuwa nzito mno kwa mtandao wa huku. Hawa aliipunguza, akatoa madoido, akabakiza mstari na mguso, hata ikafunguka katika simu ya mzee kabla hajamaliza kulalamika. Kiungo kikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, Minjila hadi Kulesa. Vuli ilikuwa imeanza kwa vishindo, na hatukutaka kungoja.

Kuhusu rangi, hakuna aliyefikiri mara mbili. Maktaba inakuruhusu kuchagua rangi yoyote. Maji yakipungua, Hawa aliupaka mstari hudhurungi. Yakipanda uligeuka kijani, na kadiri yalivyozidi kijani kilikolea. Mimi niliona inapendeza. Wafugaji nao waliielewa bila kuelezwa: kijani kilipoanza kukolea, wakatoa ng'ombe bondeni, wakijua kwamba maji yatapita na kuwaachia malisho.

Baada ya wiki moja Mzee Komora alituita Kulesa tuwaeleze watu ule ukurasa. Tulikutana katika darasa la shule ya msingi, wanawake kwa wanaume, wengine wakichungulia madirishani. Mbele kabisa alikaa Kahaso, mkulima wa mpunga mwenye sauti inayovuka mto. Shamba lake na mashamba ya majirani zake yalikuwa pale bondeni, mpunga umesimama, masuke yameinama. Walipanda kwa kuchelewa mwaka ule. Sasa mpunga ulikuwa umeiva, na walichongoja ni jua tu liukaushe vizuri kabla ya kuukata. Huo ndio uliokuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Hawa alimpa Kahaso tableti. "Gusa hapa mwisho, mama. Hii ni leo asubuhi, huko juu."

Kahaso akagusa, kisanduku kikafunguka. Akapiga makofi.

"Kijani tupu! Si niliwaambia? Kila siku kinazidi. Mungu ni mwema, jamani. Mpunga ukae hata wiki nyingine, twendeni tukapike."

Wanawake wawili walikuwa wameshainuka, kanga mkononi.

"Mama, kaeni! Kaeni kwanza!" Hawa alisema. "Hayo ni mafuriko, yanakuja!"

"Mafuriko gani ya kijani?"

"Kijani ni... ni majani. Mto ukifurika, majani yanaota."

Kahaso akaangua kicheko, lakini macho yake hayakucheka. "Nyinyi Waorma! Hata gharika ya Nuhu mngeuliza kama ng'ombe watashiba."

Mzee Komora hakucheka kabisa. "Binti," alisema polepole, "sisi tumelala usingizi wiki nzima kwa sababu ya rangi hiyo."

Hawa angeweza kusema kwamba tarakimu zilikuwepo, kwamba hakuna aliyeuliza. Alisema, "Nimekosea, mzee. Nilichora kwa macho ya kwetu. Nipeni dawati, niitengeneze hapa hapa."

Alifungua kompyuta yake kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga ubao. Watu wakamzunguka.

"Weka nyekundu," mmoja akasema.

"Akiweka nyekundu, ndugu zake watakimbia malisho yao," Komora akajibu.

"Kwa hiyo tuzame sisi, ng'ombe washibe?" Sauti hiyo ilitoka nyuma, ya mwanamume, na hewa ya chumba ikabadilika. Kwetu, ambako wakulima na wafugaji wamewahi kumwaga damu, tunajua sentensi kama hiyo inaweza kuishia wapi.

Kahaso ndiye aliyegeuka. "Nyamaza wewe! Mtoto wa watu hakuja na ng'ombe hapa. Kaja na habari za maji, na hakuna mwingine aliyekuja."

Hawa hakuinua kichwa, lakini nadhani alisikia. "Mama Kahaso," aliuliza, "mara ya mwisho maji kuingia shambani kwako ilikuwa lini?"

"Tarehe sijui. Ilikuwa nilipomwoza binti yangu mkubwa. Tulipika wali wa harusi tumesimama majini."

"Mwaka gani?"

"Mwaka juzi," Komora akasema. "Wiki ile shule zilipofunguliwa, muhula wa pili."

Hawa akatanua chati kwa vidole viwili kwenye tableti. Mwaka juzi ukafunguka, miezi ikatengana, siku zikajipanga. Akamsogezea Kahaso skrini, naye akaburuta kidole taratibu juu ya mstari, visanduku vikifunguka na kufungika chini ya ukucha wake.

"Bado... bado... Hapa! Hapa ndipo sufuria zilipoelea."

Watu wakacheka, safari hii kwa dhati, maana wengi walikuwepo harusini. Mwanamke mmoja akaongeza kwamba siku mbili kabla ya hapo maji yalikuwa yamefika kwenye mzizi wa mkuyu wa kivukoni. Kahaso akaburuta tena kidole, akakubali. Kumbukumbu zao na vipimo vyangu vya zamani vikashikana mikono mbele ya macho yangu, vipimo nilivyodhani havitamfaa mtu tena.

Hawa akarudi nyuma siku nne, muda wa maji kutoka huko juu, akaandika amri fupi. Mstari mweusi, ulionyooka, ukakata chati yote kutoka upande hadi upande, sawasawa na kina cha huko juu kilicholeta maji ya harusi. Pembeni yake akaandika: Kulesa. Kisha akaweka vitufe viwili juu. Ukibonyeza Malisho unaona kijani cha wafugaji, ukibonyeza Mashamba rangi zote zinatoweka, unabaki na mto na mstari wako. Majedwali yangu ya ukutani yasingeweza hilo.

"Sasa angalieni leo," alisema.

Nukta ya leo ilikuwa chini ya mstari mweusi kwa upana wa kidole. Ya jana ilikuwa chini zaidi, na ya juzi chini zaidi ya hiyo.

"Yanaufuata," Kahaso akasema, bila sauti yake ya kuvuka mto.

"Kesho huko juu yataupita. Kisha siku nne, tano, yako kwenu."

"Lakini mpunga haujakauka," mtu akasema.

Kahaso akasimama akajifunga kanga kiunoni. "Mpunga mbichi tutauanika juani. Mpunga uliozama utauanika wapi?"

Hawa alitoka nje akampigia simu kaka yake, Issack, mwenye mikokoteni ya punda Minjila. Nilisikia upande wake, na upande wa kaka pia, maana Issack huongea na simu kama anaita ng'ombe.

"Kaka, tuletee punda Kulesa."

"Punda wa nini?"

"Wa kubeba mpunga."

"Hao si ndio walionifokea mwezi uliopita, ndama mmoja tu alipovuka mpaka?"

"Hao hao."

"Haya. Lakini waambie punda wangu wana adabu, hawali mpunga wa watu."

Kesho yake alfajiri Kulesa yote ilikuwa bondeni. Nimeona mavuno mengi, sijaona yaliyokwenda vile. Watoto waliokuwa wakiamia, yaani kufukuza ndege mpungani, waliwaachia ndege wakabeba matita. Wazee walikata. Mitumbwi ilipakia upande wa mto, mikokoteni upande wa nchi kavu, na Issack alizunguka akiwafokea punda kwa Kiorma na watu kwa Kiswahili. Kahaso alimtania kwa kumwita mkwe, mbele ya mke wa Issack aliyekuja kusaidia. Kila asubuhi kabla ya kushika visu waligusa nukta mpya: huko juu maji yaliupita mstari mweusi kama Hawa alivyosema, yakazidi kupanda. Waliona, wakakata kwa kasi zaidi.

Maji yalifika mchana kweupe. Hayakuja kwa kelele. Yalitambaa tu kati ya mabua yaliyokatwa, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha. Mkokoteni wa mwisho ulipanda tuta magurudumu yakichuruzika, na Kahaso akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Garsen. Wanawake wote wakaitikia. Hawa alisimama kando na viatu mkononi, miguu ndani ya maji, akilia na kucheka. Nami nililia, na si kawaida yangu kulia kwa ajili ya jambo lililofanikiwa.

Ripoti yangu ya vuli ile ina safu tupu mahali pa hasara za mpunga wa Kulesa. Niliitazama safu hiyo kwa muda mrefu kabla ya kutia sahihi.

Maji yalipopungua Kahaso alikuja ofisini na kikapu cha mchele mpya kwa ajili ya Kaltuma. Watu wa kijiji cha Kilelengwani walikuwa wamemtangulia, wakitaka mstari wao, na Hawa alikuwa akiwauliza habari za harusi na misiba yao. Kahaso hakungoja zamu. Alishika tableti, akaweka kidole kwenye nukta ya juu kuliko zote za vuli ile, kisanduku kikafunguka na siku na kina chake.

"Haitoshi," alisema. "Atakayegusa hapa miaka ijayo ataona maji tu. Andika yaliyobaki."

Hawa akaandika. Ukurasa upo, na mtu yeyote anaweza kuugusa. Nukta ile iko juu kabisa, mbali juu ya mstari mweusi, na ukiweka kidole pale inakuambia siku, inakuambia kina, kisha inakuambia: Mpunga ulikuwa umeshaingia ghalani.