Daftari la Maumivu kwa Mwandiko wa Baba

Mwaka ule nilivunjika mkono wa kulia, na kwa miezi mitatu baba yangu ndiye aliyeniandikia.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tunatoka Kimulot kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa. Kaka ndiye aliyeendesha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na barabara ya udongo ilikuwa inateleza. Kwenye kona moja ng'ombe akatokeza kutoka kwenye majani chai, kaka akamkwepa, gari likaenda upande na kupinduka shambani. Nakumbuka harufu ya majani yaliyopondeka, na kaka akiniita tena na tena ilhali mimi nilidhani namjibu. Yeye alitoka na mchubuko tu kwenye paji la uso. Mimi nilivunjika karibu na kiwiko, nikaumia bega na goti.

Hospitalini nilifungwa plasta. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, aliniambia niwe ninaandika kila siku ninapoumwa, kiasi gani, na kazi gani imenishinda. Alisema wagonjwa wengi wakiketi mbele yake husema wako sawa, kisha wakifika getini wanakumbuka yote. Nikamwonyesha plasta. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi nitaandika," alisema.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikapewa ruhusa ya ugonjwa na kurudi kukaa naye. Mama alikuwa ametutoka zamani. Baba alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya ukarani kwenye kituo cha kupimia majani chai, ambako alizoea kuandika kile mizani ilichosema, hata kama mchumaji alitaka kingine. Ndivyo alivyonifanyia mimi. Kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe alileta chai, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akafungua daftari.

Nikisema nimeamka afadhali, aliuliza afadhali kuliko lini. Nikisema mkono unauma, alitaka kujua kama ni uchungu wa kuchoma au wa kuvuta, na kama ulinizuia kulala. Mwanzoni nilichoka naye. Halafu nikaanza kuungoja wakati huo. Hatukuwahi kuongea hivyo nilipokuwa mdogo. Alikuwa mtu wa kuondoka kukiwa na ukungu na kurudi kimya. Sasa tulikaa hapo hadi jua lifike mlangoni, tukitoka kwenye bega langu tukaingia kwenye habari za mama na za baridi ya miaka waliyohamia hapo.

Baba aliandika Kiswahili jinsi alivyokitamka. Bega kwake lilikuwa "pega", vidole "vitole". Siku moja nilisoma, "Koti la kushoto limevimba," nikacheka hadi mbavu zikauma. Alinitazama juu ya miwani, akaandika na hilo: mbavu pia, akicheka. Ualimu ulinisukuma nimsahihishe mara mbili tatu, kisha nikaacha.

Kliniki ya tatu, daktari alisoma kurasa zote polepole. Aliona kwamba kidole cha mwisho na cha kando yake vilikuwa vikifa ganzi kila asubuhi kwa wiki tatu, jambo ambalo mimi nilishalizoea na nisingelitaja. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa na haufai kuachwa hivyo. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akanisomea.

"Leo gari limepiga breki barabarani. Ameangusha kikombe. Amesema kimeteleza." Akaendelea chini: "Jumapili amefika kwa lami, akarudi. Hakwenda kanisani. Hakusema kwa nini."

Hayo sikuwa nimemwambia baba ayaandike. Nilikuwa nimemficha kabisa, au nilidhani hivyo.

"Ni kweli?" daktari aliuliza.

Nilimgeukia baba. Alikuwa anatazama nje dirishani, kana kwamba amekosea adabu. Nikalia mbele yao wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Kimulot.

Nilifanyiwa upasuaji mdogo, na daktari akanitafutia mshauri wa kuongea naye. Baba alinisindikiza kila mara, tukitembea hadi kwa mshauri huyo Kaplong kwa miguu kwa sababu nilikuwa bado siwezi kupanda gari. Hakunihimiza. Njiani alinionyesha mashamba yaliyopogolewa vizuri na yaliyoharibiwa.

Muhula ulipofunguliwa, vidole vilikuwa vimerudi, isipokuwa ncha ya kidole cha mwisho, ambayo mpaka leo haijui baridi wala moto. Kaka alikuja na gari la kuazima kunipeleka shuleni. Alikuwa hajaniangalia usoni vizuri tangu ajali. Nilisimama nje muda mrefu, mlango ukiwa wazi. Baba akaingia kiti cha nyuma bila kuulizwa, akaweka fimbo yake magotini.

"Ingia, mama," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Nitakaa hapa nyuma yako."

Nikaingia. Kaka akaendesha taratibu sana, pikipiki zikitupita. Baba aliniwekea mkono begani, lile zima, akaongea juu ya ndama wake safari nzima.

Ni miaka minne sasa tangu tumzike. Kaka ndiye aliyetuendesha siku hiyo pia, na mimi nilikaa mbele, kando yake.