Chai ya Rangi na Moyo wa Mama Kabula

Swali lililoninyima usingizi nilipopangiwa kazi Lalago lilikuwa hili: je, chakula kinaweza kweli kumsaidia mtu mwenye wasiwasi, au nitakuwa nawadanganya watu kwa mshahara wa serikali? Chuoni tulifundishwa kwamba ushahidi upo ila haujakamilika. Ninyi mnaoanza kazi leo mtakutana na neno hilo, "haujakamilika". Mimi lilinigeuzageuza kitandani.

Siku ya kwanza mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya, alinikuta nimesimama kizingitini.

"Afisa lishe, unaingia au unautafiti mlango?"

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Mama Kabula, mkulima wa pamba. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikitetemeka, akihisi atafia shambani. Kikundi chao cha wanawake huvuna kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Yeye alikuwa akikaa chini katikati ya mistari, na wenzake walishaanza kusema aondolewe. Akiondolewa, pamba yake ingepeperushwa na upepo, maana peke yake asingeimaliza.

Mfawidhi alimpima damu na moyo, hakuona ugonjwa. Akampangia ushauri nasaha, kisha akanigeukia. "Muulize anakula nini. Hiyo ni kazi yako."

"Asubuhi unakula nini, mayu?" nikamuuliza, nikimwita "mama" kwa lugha ya kwao.

"Chai ya rangi. Kali."

"Na nini?"

"Na hivi." Akatoa kopo la vidonge, virutubishi nyongeza vya "kutuliza neva", alilonunuliwa na shemeji yake mnadani. Nikasoma maandishi madogo: ndani mlikuwa na kafeini, kile kile kinachoamsha mtu kwenye chai.

"Chakula je?"

"Kazi ikiisha, saa tisa au saa kumi. Anayekula kabla tunamwita mvivu."

Vidonge alikubali kuviacha. Njaa je? Ile ilikuwa desturi ya kikundi kizima. Nikamuuliza mfawidhi: wakinicheka? Wakila na asipate nafuu?

"Unatafuta uhakika," mfawidhi akasema. "Mimi natibu miaka yote bila huo. Sema unachojua, na sema usichokijua."

Nikaenda shambani.

"Mwangaluka, akina mayu!" nikawaamkia asubuhi ile kwa lugha yao.

Kiongozi wao, Mama Nkamba, alinitazama kuanzia viatu. "Umekuja kuvuna au kutuhesabia matonge?"

"Vyote viwili." Nikawaambia kwamba chakula peke yake hakiponyi wasiwasi, na ushauri wa kituoni lazima uendelee. Ila tumbo tupu na chai kali huweza kuuchochea moyo ambao tayari una hofu. Niliomba jambo moja: saa nne wote wale michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, kwa pamoja, asipatikane wa kuitwa mvivu.

"Tukichelewa?"

"Nitavuna mimi."

"Kwa vidole hivyo vya kalamu?" Wakacheka hadi kanga zikawaanguka. Lakini saa nne ilipofika, walikula.

Nilivuna nao, wa mwisho kila mstari. Siku kadhaa baadaye, zamu ya Mama Kabula ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa mbele, akituita nyuma kama mchungaji: "Afisa, ng'ombe mzee anakupita!" Jioni pamba yake yote ilikuwa kwenye magunia, na Mama Nkamba mwenyewe akapanda juu kuishindilia kwa miguu, akiimba.

Kesho yake nikamwambia mfawidhi nataka kwenda kwenye vikundi vyote vya kata.

"Leo huniulizi kama inafaa?"

"Inafaa," nikasema, nikawasha pikipiki.